Siti binti Saad: mafunzo na mwanzo wa uimbaji wake

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880 – Zanzibar, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika santuri, na mmoja wa watu waliofanya Kiswahili kiwe lugha kuu ya taarab badala ya Kiarabu.

Makala hii inahusu sehemu ya kwanza ya maisha yake ya kimuziki: namna alivyojifunza kuimba, watu waliomfundisha, maonyesho yake ya mwanzo na safari ya kurekodi mjini Bombay mwaka 1928. Siti husimuliwa mara nyingi kama mtu aliyeinuliwa na sauti nzuri aliyojaliwa. Lakini sauti hiyo alikuwa nayo tangu alipokuwa akiuza vyungu, na wakati huo haikumpa nafasi katika muziki wa mjini. Tofauti ililetwa na mafunzo, ambayo aliyapata akiwa mtu mzima na bila kusoma shule yoyote.

Taarab kama muziki wenye kanuni

Neno taarab limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuguswa moyo au kuburudika kwa muziki. Katika pwani ya Waswahili ni jina la muziki unaounganisha ushairi, sauti ya mwimbaji na ala kama vile udi, fidla, ganuni, nai, tari na dumbaki. Taarab ya zamani, ambayo siku hizi huitwa taarab asilia, ina kanuni zake za sauti, za mashairi na za mwenendo jukwaani. Kwa sababu hiyo hulinganishwa na muziki wa kale wa mataifa mengine, ambao mtu hawezi kuuimba vizuri bila kufundishwa.

Chanzo cha taarab ya Zanzibar kinahusishwa na kasri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Barghash alipenda muziki wa Misri. Inasimuliwa kwamba alileta wanamuziki kutoka huko, kisha akampeleka Mzanzibari mmoja, Mohamed Ibrahim, kwenda Cairo kujifunza kupiga ganuni. Aliporudi, Mohamed Ibrahim aliwafundisha wengine.

Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha muziki kilichoitwa Nadi Ikhwan Safaa. Walijifunza kupiga ala na kuimba nyimbo za Kiarabu kwa mtindo wa Misri. Chama hicho kilikuwa cha wanaume, na wengi wao walitoka katika familia zenye uwezo. Baadaye vikatokea vyama vingine vya namna hiyo.

Hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyetaka kujifunza taarab alihitaji kuwa mwanamume, kujua Kiarabu na kujuana na watu wa vyama hivyo. Siti hakuwa na hata moja kati ya hayo.

Utoto na biashara ya vyungu

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kwenye rasi iliyo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa wa asili ya Uzigua. Familia iliishi kwa kilimo na ufinyanzi. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa.

Jina hilo linaeleza mengi juu ya zama alizozaliwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Watu wengi waliotoka bara, au ambao wazazi wao walitoka bara, waliendelea kutazamwa kama watu wa daraja la chini hata baada ya sheria kubadilika. Mavazi, lugha na makazi yalitumika kuonyesha nani ni muungwana na nani si muungwana. Kaniki, kitambaa cheusi cha bei ndogo, kilihesabiwa kuwa vazi la watumwa na maskini.

Siti hakupelekwa shule wala chuo cha Kurani. Alijifunza kazi ya mama yake ya kufinyanga vyungu. Alipokua alivibeba kichwani na kwenda kuviuza mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kutoka Fumba. Njiani na mitaani alinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu waliitambua sauti yake kabla hajafika walipo, na wakajua kwamba vyungu vimekuja.

Huu ndio unaoweza kuitwa mwanzo wa uimbaji wake, ingawa haukuwa mafunzo. Mtu anayenadi bidhaa barabarani hujizoeza kutoa sauti inayofika mbali bila kipaza sauti, kuvuta pumzi huku akitembea na mzigo, na kuyapanga maneno yashikike haraka. Hayo yote ni msingi mzuri kwa mwimbaji. Lakini hayamfundishi mtu kuingia pamoja na ala, kushika ufunguo wa sauti, wala kuimba shairi refu mbele ya watu waliokaa kimya kumsikiliza.

Siti aliolewa, akapata mtoto wa kike, kisha akaachika. Aliendelea na biashara ya vyungu, lakini haikutosha kumtoa katika umaskini.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 Siti aliondoka Fumba na kuhamia mjini Zanzibar. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka ipatayo 30. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Sultani Khalifa bin Harub alishika kiti cha enzi, ambacho alikikalia hadi mwaka 1960. Kazi yote ya muziki ya Siti ilifanyika katika utawala wake.

Mji ulikuwa na sehemu mbili. Upande wa bahari ulikuwa Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, kasri, ofisi za serikali na maduka makubwa. Ng'ambo ya hori ya maji kulikuwa na mitaa ya nyumba za udongo na makuti iliyoitwa Ng'ambo. Huko ndiko walikoishi wengi wa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wafanyakazi wa nyumbani na watu waliokuwa watumwa pamoja na watoto wao. Siti aliishi Ng'ambo na aliendelea kuwa mtu wa Ng'ambo hata baada ya kupata sifa.

Wanawake wa mitaa hiyo hawakukosa muziki. Walikuwa na ngoma za harusi, nyimbo za unyago na vyama vya lelemama. Lakini taarab ya ala na mashairi ya Kiarabu ilikuwa ya wanaume. Mwanamke kukaa mbele ya wapigaji wanaume na kuimba hadharani lilikuwa jambo geni, na kwa wengine lilikuwa jambo la aibu.

Mafunzo kwa Ali Muhsin

Mjini Siti alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyekuwa mmoja wa watu wa Nadi Ikhwan Safaa. Ali Muhsin alivutiwa na sauti yake, akakubali kumfundisha kuimba taarab na kumfundisha Kiarabu. Kisha akamtambulisha kwa wanamuziki wenzake. Kwa njia hiyo Siti alipata elimu ambayo chama chenyewe hakikumfungulia mlango kuipata.

Mafunzo ya taarab ya wakati huo hayakuwa na vitabu wala noti zilizoandikwa. Mwalimu alipiga au kuimba, na mwanafunzi alirudia mpaka alipopata. Kwa mwanafunzi aliyeanza kama Siti, mambo ya kujifunza yalikuwa haya yafuatayo.

Maqamu. Muziki wa Kiarabu hupangwa kwa ngazi za sauti zinazoitwa maqamu, kama vile rast, bayati, hijazi, saba na nahawandi. Kila maqamu ina mpangilio wake wa sauti na hisia yake. Saba, kwa mfano, huhesabiwa kuwa ya huzuni. Baadhi ya maqamu zina sauti zilizo katikati ya vitufe viwili vya kinanda, ambazo hazipatikani katika piano ya kawaida. Udi na fidla zinaweza kuzitoa kwa sababu hazina vizuizi vya kugawanya sauti shingoni. Mwimbaji naye hana budi kuzishika kwa sikio peke yake, na akikosea kidogo, hisia ya maqamu hupotea.

Kuingia na kupokezana na ala. Wimbo wa taarab huanza kwa ala. Mwimbaji husubiri, huimba beti, halafu huziachia ala zijibu kabla ya kuendelea. Ni lazima ajue mahali pa kuingia, asikimbilie wala asichelewe. Mtu aliyezoea kuimba peke yake barabarani, akianza na kukoma anapotaka, hapa huanza upya kama mtoto.

Mapambo ya sauti. Mwimbaji wa taarab haimbi sauti kavu. Huivuta, huitikisa na kuizungusha silabi moja juu ya sauti kadhaa. Mapambo hayo hayapangwi yote mapema, kwani mwimbaji huyaongeza kufuatana na namna wasikilizaji wanavyoguswa. Lakini lazima yabaki ndani ya maqamu na ndani ya mapigo ya dumbaki.

Matamshi na kumbukumbu. Nyimbo za wakati huo zilikuwa za Kiarabu. Ilimpasa Siti kutamka sauti za kooni za Kiarabu kwa usahihi, kuelewa maana ya anachoimba, na kuzihifadhi beti zote kichwani kwa kuwa hakujua kusoma. Wasikilizaji waliojua lugha hiyo wangegundua kosa mara moja.

Mfano wa kulinganisha ni Umm Kulthum wa Misri, ambaye alianza kurekodi katika miaka ya 1920, karibu wakati mmoja na Siti. Umm Kulthum naye alitoka kijijini, lakini baba yake alikuwa imamu aliyeimba kasida, na yeye alijifunza Kurani na kasida tangu utotoni. Alipofika Cairo alikuwa tayari na matamshi na pumzi vilivyonolewa kwa miaka mingi. Siti alianza kujifunza hayo akiwa tayari mama wa mtoto, katika lugha isiyokuwa ya nyumbani kwao.

Kundi lake

Wanamuziki waliotambulishwa kwa Siti na Ali Muhsin walianza kupiga pamoja naye, na polepole likajengeka kundi. Wanaotajwa zaidi ni Subeit bin Ambar, Budda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, ambaye asili yake ni Mombasa. Siti alikuwa mwanamke kati ya wanaume, na sauti kuu ilikuwa yake.

Kundi lilikutana na kufanya mazoezi nyumbani kwa Siti huko Ng'ambo. Jambo hilo lilikuwa na maana mbili. Kwanza, mafunzo ya Siti hayakuishia kwa mwalimu mmoja, kwani aliendelea kujifunza kutoka kwa wapigaji wake, kila mmoja na ujuzi wake wa ala na wa mashairi. Pili, majirani walisikia. Habari za mtaani, malalamiko, vichekesho na misemo ya siku viliingia katika mazoezi na kugeuka kuwa mashairi. Nyimbo nyingi za kundi hilo zilikuwa matokeo ya kazi ya pamoja: mmoja alileta kisa, mwingine akapanga vina, mwingine akatafuta sauti, na Siti akatia uhai.

Maonyesho ya mwanzo

Mwimbaji wa taarab wa wakati huo hakuwa na ukumbi wa kuuza tiketi. Kazi ilikuja kwa mialiko, hasa ya harusi na sherehe katika nyumba za watu wenye uwezo. Wasikilizaji walimtunza mwimbaji, yaani walimwendea na kumpa fedha au zawadi wakati anaimba, hasa beti iliyowagusa ilipofika. Kutunzwa huko kulikuwa mapato na pia kipimo cha kazi. Mwimbaji aliyeshindwa kuwagusa wasikilizaji alijua usiku uleule.

Siti alialikwa katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na hatimaye katika kasri ya Sultani. Mtoto wa mfinyanzi wa Fumba alikuwa sasa akiimba mbele ya wakubwa wa nchi, katika lugha yao na kwa kanuni walizozijua. Wakati huohuo aliendelea kuimba kwa watu wa Ng'ambo ambao wasingeweza kuingia katika nyumba hizo.

Ndipo jina la Mtumwa likaachwa nyuma. Alipewa jina la Siti, neno linalotokana na Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Kubadilika kwa jina hakukuwa pambo la jukwaani tu. Katika mji ambamo jina la mtu lilitangaza daraja lake, kuitwa Siti kulikuwa kinyume kabisa cha jina alilozaliwa nalo.

Si wote waliofurahia. Wapinzani wake walimtungia beti za kumkejeli kwa asili yake ya shamba, kwa kaniki alizovaa alipokuja mjini, na kwa umaskini ambao sauti ilimwokoa nao. Siti hakukaa kimya. Alijibu kwa wimbo uliosema kwamba uzuri wa sura na ukoo si vitu vya kujivunia, na kwamba kilema cha kweli kwa mtu ni kukosa akili. Kujibizana kwa mashairi ni desturi ya zamani ya Waswahili, na katika taarab kumeendelea hadi leo. Kwa Siti ilikuwa pia njia ya kuonyesha kwamba amehitimu, kwa sababu mtu asiyejua vina na mizani asingeweza kujibu shairi kwa shairi.

Kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili

Hatua kubwa zaidi ya Siti na kundi lake ilikuwa kuchukua muziki waliofundishwa kwa Kiarabu na kuutilia maneno ya Kiswahili. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na karne nyingi nyuma yake, na nyimbo za Kiswahili zilikuwepo katika ngoma. Lakini kuimba Kiswahili katika taarab ya ala, mbele ya wasikilizaji wa mjini waliozoea Kiarabu, kulihitaji mtu ambaye hakuna angeweza kumwambia kwamba anaimba Kiswahili kwa sababu hawezi Kiarabu. Siti aliweza vyote viwili. Hapa ndipo mafunzo yake ya mwanzo yalipozaa matunda.

Mabadiliko hayo yalikuwa pia ya kiufundi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ndiyo sehemu ya neno ambayo mwimbaji anaweza kuivuta na kuipamba. Mashairi ya Kiswahili yana mizani inayohesabika na vina vya kati na vya mwisho, kwa hiyo hukaa vizuri juu ya mapigo ya dumbaki. Ala zikijibu mwishoni mwa mshororo, kina husikika wazi zaidi.

Badiliko la tatu lilikuwa katika habari zilizoimbwa. Nyimbo za Kiarabu zilihusu zaidi mapenzi kwa lugha ya juu. Nyimbo za kundi la Siti zilizungumzia pia mahakama, wakubwa wanaokula fedha za watu, wanaume wanaowatesa wanawake na maisha ya mitaani. Wimbo wake unaojulikana sana, Kijiti, unasimulia kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatorokea bara, na unalalamikia namna haki ilivyopotoshwa. Kwa wasikilizaji wa Ng'ambo, wimbo kama huo ulikuwa habari, hukumu na maombolezo kwa wakati mmoja. Wengi wao hawakujua kusoma magazeti, na mahakamani maneno yao hayakuwa na uzito. Katika wimbo, kisa chao kilisimuliwa kwa sauti ileile iliyoimba kasrini.

Safari ya Bombay, 1928

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli kwenda Bombay (leo Mumbai), Uhindi, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyouza santuri zake kwa nembo ya His Master's Voice. Kabla ya hapo gramafoni zilikuwepo Afrika Mashariki, lakini wenye nazo walisikiliza muziki wa Misri, wa Uhindi na wa Ulaya. Kampuni ilikuwa inatafuta wanunuzi wapya, na nyimbo za Kiswahili ndizo zingeweza kuwafikia.

Bombay ilichaguliwa kwa sababu za kazi. Ilikuwa bandari yenye meli za kwenda na kurudi Zanzibar, na biashara ya santuri ilikuwa imekwisha kukua Uhindi, ambako kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Calcutta tangu mwaka 1908. Teknolojia nayo ilikuwa imebadilika. Kuanzia mwaka 1925 kampuni kubwa ziliacha kurekodi kwa pembe na kuanza kutumia maikrofoni, ambayo iliweza kunasa vizuri zaidi sauti ya mwimbaji pamoja na ala.

Kurekodi kulimtaka mwimbaji ajue jambo jipya. Upande mmoja wa santuri ya wakati huo, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Harusini wimbo uliweza kuendelea kwa muda mrefu, mwimbaji akirudia beti kadiri watu walivyomtunza. Chumbani mwa kurekodi hakukuwa na mtu wa kutunza wala kushangilia. Ilibidi beti zichaguliwe, ala zipunguziwe nafasi, na kila kitu kikamilike kabla ya nafasi ya santuri kwisha. Kosa lilimaanisha kuanza upya.

Kundi lilirekodi makumi ya nyimbo. Baadhi ya wenzake Siti nao waliimba katika santuri hizo. Mauzo yalikuwa mazuri kiasi kwamba kampuni nyingine za santuri nazo zikaanza kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili. Santuri zilifika miji ya pwani na bara. Si lazima kila msikilizaji awe na gramafoni yake. Ilitosha mwenye mkahawa au jirani mmoja kuwa nayo, na watu wakakusanyika. Kwa njia hiyo Kiswahili cha Unguja na sauti ya Siti vilisikika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Baada ya Bombay Siti hakuwa tena mwanafunzi wala mwimbaji anayeanza. Aliendelea kuimba kwa miaka mingi, hadi uzeeni. Mwandishi Shaaban Robert (1909–1962) aliandika habari zake katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho ni mojawapo ya wasifu wa mwanzo katika fasihi ya Kiswahili ya kisasa kumhusu mwanamke.

Urithi wa mafunzo yake

Siti alijifunza kwa kusikiliza na kurudia, na wengine walijifunza kwake kwa namna hiyohiyo. Anayejulikana zaidi ni Fatuma binti Baraka, maarufu kama Bi Kidude, ambaye alikua akiwa shabiki wa Siti na akaimba nyimbo zake maisha yake yote. Bi Kidude alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kupitia kwake nyimbo za Siti zilisikika katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko.

Siku hizi kijana wa Zanzibar anayetaka kujifunza taarab asilia ana njia ambazo Siti hakuwa nazo. Nadi Ikhwan Safaa bado ipo, na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, nayo imewalea waimbaji wengi wa kike na wa kiume. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa kifupi cha Kiingereza DCMA, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 2002. Hapo wanafunzi husoma udi, ganuni, fidla, ngoma na uimbaji, na hujifunza pia kusoma noti. Wasichana husoma pamoja na wavulana, na baadhi yao hupiga ala zilizokuwa za wanaume tu.

Hata hivyo sehemu kubwa ya mafunzo haijabadilika. Maqamu bado hushikwa kwa sikio. Mwanafunzi bado hukaa karibu na mwenye ujuzi, husikiliza, hurudia, na hurekebishwa. Mwimbaji Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa mwaka 2020 albamu yenye jina Siti of Unguja, ambamo nyimbo za bibi yake mkuu zinaimbwa upya na wanamuziki wa kizazi cha sasa.

Jina lake limetumika pia nje ya muziki. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa jarida lake jina Sauti ya Siti, kwa kumkumbuka mwanamke aliyesema hadharani mambo ambayo wengi waliyanong'ona.